Ubani tunaoufukiza na mti unaoutoa

KATIKA nyumba nyingi za Waislamu wa mwambao wetu, jioni ya kuamkia Ijumaa haikamiliki mpaka chetezo kimepitishwa chumba kwa chumba. Makaa huwashwa, punje mbili tatu za ubani huwekwa juu yake, na moshi mweupe hupanda ukaingia katika mapazia, katika kanzu zilizotundikwa na katika mabuibui yatakayovaliwa kesho yake. Ubani huhudhuria maulidi na hitima, huhudhuria arusi, na humfuata mzazi chumbani alimolazwa na mtoto wake mchanga. Wala si moshi wake tu uliokaa nasi. Neno lenyewe limeota mizizi katika lugha yetu, hata mchango wa fedha anaokabidhiwa mfiwa tumeuita ubani, ijapokuwa ndani ya bahasha hiyo hamna hata punje moja ya kufukiza.

Pamoja na ukaribu wote huo, ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza kitu hiki hutoka wapi na hupatikanaje. Tumeona ni vyema, katika makala hii, tuufuate ubani kutoka katika chetezo hadi kwenye gamba la mti wake. Sababu ya kufanya hivyo si udadisi peke yake. Huko unakotoka mambo si shwari: miti inayoutoa inapungua, na mojawapo ya sababu za kupungua kwake ni wingi wa wanaoutaka, na sisi tumo miongoni mwao.

Kigaga cha jeraha

Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Boswellia. Miti hiyo si ya aina moja. Ule mashuhuri zaidi, Boswellia sacra, huota katika jimbo la Dhofar kusini mwa Oman, katika Hadhramaut na Mahra nchini Yemen, na ng'ambo ya pili ya bahari katika milima ya kaskazini mwa Somalia. Huko huko kaskazini mwa Somalia yuko ndugu yake, Boswellia frereana, aotaye akiwa ameng'ang'ania mwamba mtupu kana kwamba amegandishwa pale kwa saruji, na utomvu wake ndio Wasomali wanaouita maydi. Nyanda kavu za Ethiopia, Eritrea na Sudan zina Boswellia papyrifera, ambao hutoa sehemu kubwa ya ubani unaofukizwa makanisani duniani. India ina Boswellia serrata, na kisiwa cha Socotra kina aina zake chenyewe zisizopatikana penginepo. Hata kaskazini mwa Kenya, katika maeneo ya Marsabit, Isiolo na Wajir, wafugaji hukusanya utomvu wa Boswellia neglecta, ambao aghalabu hujitokea wenyewe bila ya mti kuchanjwa.

Wauzaji wa kwetu hupenda kuuita ubani mzuri "ubani maka". Asidanganyike mtu kwa jina. Makka ilikuwa soko na makutano ya misafara, na hadi leo ni mji wa mahujaji wanaorudi na zawadi. Lakini shamba la ubani haikuwa.

Mti wenyewe hauna umbo la kupendeza macho. Ni mfupi, umepinda, gamba lake jembamba huchanika kama karatasi, na huota mahali ambapo mtu angedhani hapafai hata kwa mbuzi. Mwenyezi Mungu ameupa kinga yake: ukijeruhiwa, hutoa utomvu mweupe mfano wa maziwa, nao utomvu ule huganda ukaziba jeraha lisiingiwe na wadudu. Kutokana na weupe huo ndipo Waarabu wakauita luban, neno lenye asili moja na laban, yaani maziwa, na Waswahili tukalipokea tukasema ubani. Kwa hiyo kile tunachokiweka juu ya makaa ni kigaga cha jeraha.

Wavunaji wa Dhofar wana kisu chao maalumu kiitwacho manqaf, na Wasomali wana chao kinachokaribiana nacho kwa umbo na kwa jina, mingaaf. Kazi huanza mnamo mwezi wa Aprili joto linapopanda. Mvunaji hachinji gamba wala hapigi shoka. Hukwangua kipande kidogo cha gamba la juu mahali kadhaa juu ya shina na matawi, kisha akauacha mti na kwenda zake. Baada ya takriban wiki mbili hurudi akakwangua tena mahali pale pale. Utomvu wa mara ya kwanza haufai sana, na wa mara ya pili ni bora kidogo. Mavuno yanayotegemewa ni ya mara ya tatu na zinazofuata, utomvu unapotoka safi na kuganda matone makubwa yanayopitisha mwanga. Kazi hiyo huendelea hadi majira ya kharif yanapokaribia, mwezi wa Juni, mvua za manyunyu na ukungu zinapoifunika milima ya Salalah.

Ubani wa huko hupangwa kwa daraja kufuatana na mahali ulipovunwa. Unaothaminiwa kuliko wote ni hojari, utokao nyuma ya milima upande wa mashariki, mahali pakavu ambapo manyunyu ya kharif hayafiki. Punje zake ni kubwa, nyeupe au zenye kuelekea rangi ya kijani kibichi, na harufu yake hukaribia ya maganda ya ndimu. Chini yake huja najdi na shazri, na mwisho ni shaabi wa pwani, ambao rangi yake imekoza na bei yake ni ya kawaida. Mwenye kununua kwa macho tu, bila ya kunusa, huuziwa shaabi kwa bei ya hojari.

Lililo muhimu kuliko daraja ni kipimo. Wazee wa kazi hii walijua mti mdogo usichanjwe mahali pengi, kwamba mti haufai kuguswa mpaka umefikia miaka minane au kumi, na kwamba mti uliochanjwa misimu kadhaa mfululizo upumzishwe. Katika Somaliland, majabali yenye miti hiyo humilikiwa na koo na familia, na baba humrithisha mwanawe. Mwenye kurithisha hawezi kuumaliza mti leo, kwani anajua nani ataukuta kesho.

Njia ya misafara

Biashara ya ubani ni kongwe kuliko dola nyingi tunazozisoma katika historia. Malkia Hatshepsut wa Misri, aliyetawala karne ya 15 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), alipeleka merikebu zake katika nchi ya Punt kuleta uvumba na hata miti yake, na habari hiyo imechorwa katika kuta za hekalu lake hadi leo. Baadaye misafara ya ngamia ikaupeleka ubani kutoka kusini mwa Arabuni hadi Gaza na Sham. Qur'ani Tukufu, katika Suratu Saba, inatueleza habari za watu wa Saba na jinsi Mwenyezi Mungu alivyoweka baina yao na miji iliyobarikiwa vijiji vilivyoonekana, vyenye vituo vya safari vilivyopimwa. Wafasiri wengi wameifahamu kuwa ni njia ya kutoka Yemen kwenda Sham. Aya haikutaja ubani, lakini wanahistoria hawana shaka kuwa ubani ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizopita katika njia hiyo.

Mrumi aitwaye Pliny, aliyeandika kitabu chake karibu mwaka 77, alilalamika kwamba mfalme Nero aliteketeza katika mazishi ya mkewe, mwaka 65, uvumba mwingi kuliko mavuno ya Arabuni ya mwaka mzima. Pengine alitia chumvi. Israfu, hata hivyo, haikuanza na sisi.

Katika karne hiyo hiyo ya kwanza, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki aliacha kitabu kiitwacho Periplus, chenye kueleza bandari za bahari yetu. Ndani yake zimo bandari za ubani za pwani ya Somalia na ya Arabuni, na zikifuatwa kusini hutajwa Azania na bandari yake Rhapta, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki. Mtu na aangalie: katika maandishi ya kale kabisa yanayotaja pwani yetu, nchi ya ubani inatajwa pamoja nasi katika safari moja.

Karne nyingi baadaye, karibu mwaka 1331, Ibn Battuta alipanda jahazi kutoka Kilwa akaelekea Dhofar moja kwa moja. Alipofika upande wa Hasik aliuona mti wa ubani akaueleza, isipokuwa aliandika kuwa hukatwa jani likachuruzika kama maziwa, ilhali kinachochanjwa ni gamba. Tunamsamehe, kwani msafiri hupita na mvunaji hubaki. Bandari aliyoifikia, ambayo magofu yake huitwa Al-Baleed, ipo kando ya mji wa Salalah. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliiingiza katika urithi wa dunia pamoja na bandari ya kale ya Sumhuram huko Khor Rori, kituo cha misafara cha Shisr na bonde la miti ya ubani la Wadi Dawkah, na mwaka 2007 likafunguliwa hapo Al-Baleed jumba la makumbusho ya nchi ya ubani.

Lililothibiti na lisilothibiti

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wetu wanastahiki kuelezwa waziwazi, kwani maneno mengi yanazunguka. Utasikia ikisemwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha nyumba zifukizwe kwa ubani. Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameitaja riwaya ya namna hiyo katika kitabu chake Zad al-Ma'ad, katika mlango wa tiba, kisha akasema hapo hapo kuwa haikuthibiti kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Hakuufukuza ubani kwa sababu hiyo. Aliendelea kuueleza kuwa ni dawa inayojulikana na kutaja manufaa yake. Huo ndio uadilifu wa wanazuoni. Kitu kinaweza kuwa kizuri bila ya kuzuliwa hadithi.

Lililothibiti ni kupenda harufu njema na kujifukiza. Imo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Nafi', kwamba Ibn Umar (R.A.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, au udi uliotiwa kafuri, na kueleza kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.). Tazama, msomaji, kwamba kinachotajwa hapo ni udi na kafuri. Ubani umeingia katika nyumba zetu kwa mlango wa ada na wa uhalali wa asili wa vitu vizuri, nao ni mlango mpana unaotosha. Msikiti wa Madina nao ulifukizwa: imepokewa kuwa Umar bin al-Khattab (R.A.) aliamrisha ufukizwe kila Ijumaa mchana, na mpokezi mmoja wa hadithi, Nu'aym, akapata kwa kazi hiyo lakabu ya al-Mujmir, mwenye kufukiza. Kwa hiyo yule kijana anayepita na chetezo baina ya safu kabla ya khatibu kupanda mimbari ana mtangulizi mwema.

Mipaka nayo ipo. Kumfukiza maiti na sanda yake kwa idadi ya witiri kuna mapokezi yake katika Musnad ya Imamu Ahmad, lakini kulifuata jeneza kwa chetezo chenye moto ni jambo ambalo Swahaba Amr bin al-Aas (R.A.) aliusia asifanyiwe, na wasia wake umo katika Sahihi Muslim. Katika Sahihi hiyo hiyo, mwanamke aliyejifukiza ametakiwa asihudhurie msikitini sala ya Isha. Ama mganga anayedai kuwa ubani wake huita majini au huyatuma, na kumtoza mwenye shida fedha asizokuwa nazo, huyo hauzi ubani, anauza khofu. Mtu akifukiza kwa ajili ya harufu nzuri amefanya jambo la mubaha. Akifukiza akiitakidi kuwa moshi ndio unaoleta kheri na kuondoa shari kwa nguvu zake wenyewe, basi amekwisha kuondoka katika mlango wa manukato na kuingia katika mlango wa itikadi, na huko hesabu yake ni nyingine.

Dawa, na yanayosemwa kuwa dawa

Matumizi ya ubani ya zamani hayakuwa moshi peke yake. Wanawake wa Dhofar wamekuwa wakiuroweka katika maji usiku kucha na kuyanywa asubuhi kwa ajili ya tumbo na kikohozi. Maydi hutafunwa ili kusafisha kinywa, na ndiyo maana Waarabu wengi leo hata ile pipi ya kutafuna ya dukani huiita luban. Masizi ya ubani yalitiwa katika wanja. Siku hizi mambo yamepanuka: ubani hukamuliwa kwa mvuke kutoa mafuta, mafuta hayo huingia katika manukato ya bei kubwa, sabuni, krimu za uso na chupa ndogo ndogo zinazouzwa Ulaya na Marekani kwa jina la tiba ya harufu.

Je, unatibu? Jibu la haki ni kwamba kuna yaliyochunguzwa na kuna yanayonadiwa. Ndani ya utomvu zimo kemikali ziitwazo asidi za boswelia, ambazo hupunguza uvimbe wa ndani ya mwili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2014 yaliona kuwa dondoo ya ubani wa India huwapunguzia kiasi maumivu watu wenye ugonjwa wa kulika kwa viungo. Mwaka 2011 madaktari wa Ujerumani walichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 44 wenye saratani ubongoni waliokuwa wakipigwa mionzi. Maji yanayovimbisha ubongo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 75 kwa wagonjwa 60 katika kila 100 waliopewa dondoo hiyo, na kwa 26 tu katika kila 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ni habari njema, lakini na isomwe vizuri: kilichopungua ni uvimbe wa maji, si saratani yenyewe, na kilichotumika ni dondoo iliyopimwa, miligramu 4,200 kwa siku, chini ya uangalizi wa madaktari.

Tunayasema haya kwa sababu tumewaona watu wanaoacha hospitali na kushika chupa. Mafuta yanayokamuliwa kwa mvuke kwa kawaida hayana zile asidi za boswelia, kwa kuwa ni nzito na haziruki pamoja na mvuke. Kwa hiyo muuzaji anayesifia mafuta yake kwa tafiti za dondoo anasifia shamba la jirani. Wala aina zote haziko sawa, kwani maydi hauna asidi hizo kabisa. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni za mafuta ya mimea ambazo mawakala wao walikuwa wakidai yanatibu saratani na hata Ebola. Madai ya namna hiyo hatukosi kuyasikia masokoni kwetu. Mjamzito, anayenyonyesha na anayekunywa dawa za hospitali asinywe maji ya ubani kwa kuambiwa na jirani, bali amuulize daktari kwanza.

Kisha kuna moshi. Watafiti wa Oman, nchi ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwa kuuchukia ubani, waliwachunguza wanafunzi zaidi ya elfu mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Hawakuona kuwa kufukiza nyumbani ndiko kunakoleta pumu, lakini zaidi ya theluthi moja ya watoto waliokuwa nayo tayari walibanwa na kifua kwa sababu ya moshi wa bakhuri. Akina mama wanaomfukiza mtoto mchanga chini ya shuka, na milango imefungwa, wanafanya hivyo kwa mapenzi, ila mapafu ya mtoto ni madogo, na makaa katika chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Chetezo kifukize nguo na chumba, mtoto akiwa chumba kingine, madirisha wazi. Arudishwe moshi ukiisha, harufu imebaki.

Miti inayozeeka bila ya watoto

Sasa turudi jangwani. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Frans Bongers wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, lilichapisha matokeo ya kuipima miti ya Boswellia papyrifera katika misitu 23 ya Ethiopia, Eritrea na Sudan. Waliipima miti zaidi ya 21,000. Walichokikuta katika robo tatu ya misitu hiyo ni miti mikongwe mitupu: hakuna mche uliofanikiwa kukua kuwa mti kwa muda wa miongo kadhaa. Msitu wa namna hiyo, kwa mpita njia, huonekana mzima. Umesimama, unatoa utomvu, wavunaji wanaingia na kutoka. Lakini ni kama mji wa wazee ambao mtoto wa mwisho alizaliwa zamani. Kwa makadirio yao, mavuno ya ubani yatapungua kwa nusu katika muda wa miaka ishirini iwapo hali haitabadilika.

Sababu ni nyingi na zimeshikamana. Ng'ombe na mbuzi hula miche ingali laini. Moto unaowashwa ili kuotesha majani mapya ya malisho huteketeza iliyosalia. Misitu hukatwa kupisha mashamba, na mdudu mtoboaji humaliza miti iliyodhoofika. Lakini nyuma ya udhaifu huo kuna kisu. Utafiti uliofanywa Eritrea na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha mbegu za miti iliyochanjwa sana na za miti iliyoachwa: za miti iliyoachwa ziliota zaidi ya 80 katika kila 100, na za miti iliyochanjwa ziliota kama 16 tu. Maana yake ni kwamba mti hutumia akiba yake kuziba majeraha, na haubakiwi na cha kuwapa watoto wake. Kila tone linalogandia juu ya gamba limetolewa katika mfuko mmoja na mbegu.

Kile kipimo cha wazee tulichokitaja ndicho kilichovunjika. Viwanda vya mafuta vinahitaji utomvu mwingi ili kupata mafuta kidogo, na kwa kuwa vinausaga hata hivyo, havijali kama punje ni kubwa au ndogo, safi au yenye vipande vya gamba. Mvunaji aliyekuwa akilipwa kwa uzuri wa punje sasa hulipwa kwa uzito. Mwenye kulipwa kwa uzito, na pengine si mti wake bali amekodishiwa kwa msimu mmoja, huchanja mahali pengi na kurudi mapema. Baadhi ya miti ya Somaliland imechanjwa mwaka mzima bila ya kupumzishwa. Hatuwezi kumlaumu mtu anayepanda jabali kwa miguu mitupu kwa ujira mdogo, ilhali faida kubwa inabaki kwa wanunuzi wa kati na kwa wenye chupa. Vita vilivyolikumba jimbo la Tigray kati ya mwaka 2020 na 2022 viliongeza dhiki katika mojawapo ya nchi kubwa za ubani, na watu wenye njaa hawapumzishi miti.

Mnunuzi wa Darajani, Kariakoo au Marikiti anaweza kuuliza, nasi Waislamu hufukiza nini basi? Kufukiza si tatizo; punje tatu za familia moja haziangushi msitu. Ila tunaweza kununua kidogo kilicho bora badala ya mfuko mkubwa wa vumbi. Punje nzima hupimika kwa jicho na kwa pua, na unga unaweza kuchanganywa na utomvu wa mti wowote. Ubani mzuri huvunjika mkavu, ndani hung'aa, na ukisuguliwa kidogo katika kiganja hutoa harufu kabla haujaonja moto. Makaa yaachwe mpaka yavae majivu meupe ndipo punje iwekwe. Moto mkali huunguza ubani ukatoa moshi mchungu na harufu kupotea, na mwenye haraka huongeza punje nyingine akidhani ya kwanza ilikuwa mbovu. Na muuzaji aulizwe umetoka wapi, Somalia, Oman au Ethiopia, na nani aliuvuna. Wengi hawatakuwa na jibu mara ya kwanza.

Huko kwenyewe juhudi zimeanza. Nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ziliijadili miti ya Boswellia katika mkutano wao wa Geneva mwaka 2019 na kuamua taarifa zake zikusanywe. Watafiti wa Ethiopia wamefanikiwa kuiotesha kwa vipandikizi vya matawi badala ya kungojea mbegu. Na kule Wadi Dawkah, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mwa Salalah, miti michanga imepandwa baina ya ile mikongwe, ikamwagiliwa maji na kuzuiliwa ngamia, na hakuna kisu kinachopaswa kuigusa kabla ya kupita miaka minane hadi kumi.